Pointi za mbio za jangwani: anza na gari lililokwama

Swali: Tunaendesha ligi ndogo ya mbio za jangwani, raundi tano kwa msimu. Raundi nne ni za kilomita 300 hivi, na ya mwisho ni ya kilomita 700. Tuna madaraja manne: pikapu kubwa za mbio, magari mepesi ya viti viwili, pikipiki, na Volkswagen za zamani, daraja ambalo mara nyingi huwa na magari matatu tu. Tunatumia pointi za Formula 1, yaani 25, 18, 15 na kuendelea kushuka hadi nafasi ya kumi. Msimu uliopita mabingwa wa madaraja mawili walijulikana kabla ya raundi ya mwisho, na nusu ya washiriki hawakuja kabisa kwenye raundi hiyo. Tupange pointi vipi ili bingwa awe anastahili, na watu waendelee kuja hadi mwisho?

Jibu: Ndugu yangu, pointi mlizoazima ziliundwa kwa ajili ya lami. Jedwali la 25, 18, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2, 1 lilianza kutumika Formula 1 mwaka 2010. Huko magari ni ishirini na kitu, na mengi humaliza. Gari likifia njiani, hiyo ni habari. Jangwani ni kinyume chake: gari kufia njiani ni jambo la kila raundi, na kufika ni kazi yenyewe. Katika Baja 1000 ya Mexico, inayokimbiwa tangu 1967, si ajabu kuona kundi kubwa la walioanza halionekani kwenye mstari wa mwisho, na muda wanaopewa kumaliza hupita siku nzima. Ukichukua jedwali linalotazama washindi tu ukalipeleka kwenye mchezo wa namna hiyo, unawaambia watu wengi kwamba jasho lao halina hesabu.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye meza ya matokeo, na kuna usiku mmoja sijausahau. Ilikuwa yapata saa saba usiku. Gari jepesi la viti viwili liliingia taratibu, boneti imefungwa kwa mkanda wa kuvutia gari, taa zote za mbele zimekufa, na msoma ramani ametoa mkono nje ameshika tochi. Katika daraja lao magari 24 yalikuwa yameanza, 11 yakamaliza, na wao walikuwa wa kumi na moja. Nikawaandikia sifuri, kwa sababu jedwali letu liliishia nafasi ya kumi. Mstari wa chini yao ulikuwa wa gari lililovunja gia boksi kilomita tisa baada ya kuanza, nalo lilikuwa na sifuri. Yule dereva aliinama akaitazama karatasi, akaniuliza, "Hii sifuri yetu na hii ya hawa ni moja?" Sikuwa na la kumjibu. Hakurudi tena msimu ule.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia hapo. Watu wakikaa kupanga pointi hubishana sana kuhusu pengo kati ya wa kwanza na wa pili. Katika mbio za jangwani pengo linaloamua kila kitu liko chini zaidi, kati ya aliyefika wa mwisho na aliyekomea njiani. Pengo hilo lipangwe kwanza, mengine yatafuata.

Labda umejiuliza kwa nini tusijumlishe muda tu, kama mbio ndefu za jangwani za Dakar. Dakar, tangu msafara wake wa kwanza ulipoondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978, huamuliwa kwa jumla ya muda, na kwa tukio moja la wiki mbili hilo linafaa. Lakini kwa ligi ya raundi tano zilizotawanyika mwaka mzima, dereva aliyekaa saa nane mchangani akisubiri ekseli katika raundi ya kwanza atakuwa amemaliza msimu wake siku hiyo hiyo. Pointi zinaiwekea hasara dari. Ukikwama saa moja au saa nane, unachopoteza kina kikomo, na raundi ijayo unaanza na matumaini. Ndiyo maana hata ubingwa wa dunia wa mbio hizi ndefu, ulioanza 2022 na kuiweka Dakar ndani yake pamoja na mashindano mafupi, unatumia pointi, zikiwemo za matokeo ya jumla na nyingine chache za hatua moja moja.

Sasa tuje kwenye jedwali. Ningekuwa mimi, ningezigawa pointi za kila raundi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la safari yenyewe: pointi 5 kwa kuvuka mstari wa kuanzia, pointi 5 kwa kila kimoja cha vituo vitatu vya ukaguzi njiani, na pointi 10 kwa kufika mwisho ndani ya muda. Jumla 30, na kila anayemaliza anazipata zote, hata kama aliingia wa mwisho akiwa na tochi mkononi. Fungu la pili ni la nafasi, na hulipata aliyemaliza tu: 60 kwa wa kwanza, kisha 50, 43, 38, 34, 31, 28, 25, 22, na 20 kwa wa kumi. Baada ya hapo punguza moja moja hadi wa ishirini apate 10, na wanaofuata wote wapewe 10. Mshindi anaondoka na 90. Aliyemaliza wa ishirini ana 40. Aliyepita vituo vyote vitatu gari likafia karibu na mwisho ana 20. Aliyevunja gia boksi asubuhi ana 5.

Tazama kinachotokea kichwani mwa dereva mwenye jedwali hilo. Yuko nafasi ya nane, shokabsoba ya nyuma imepasuka, zimebaki kilomita 80. Akikaza mwendo amkamate wa saba, anaongeza pointi 3. Gari likifia njiani anapoteza 35: zile 10 za kumaliza na 25 za nafasi. Atapunguza mwendo alifikishe gari nyumbani, na huo ndio uamuzi ambao mbio za jangwani zimekuwa zikiuheshimu tangu zianze. Kwa jedwali mnalotumia sasa, nafasi ya nane ina pointi 4 na ya saba ina 6. Hana kikubwa cha kupoteza, kwa hiyo anakanyaga mafuta, anavunja, na nyinyi mnatuma gari la uokoaji gizani.

Linganisha pia misimu mizima. Chukulia kwa sasa kwamba raundi zote zina uzito sawa. Dereva mmoja anashinda raundi moja na kukomea njiani mara nne. Mwingine anamaliza zote tano, kila mara wa nane. Kwa pointi za Formula 1 wa kwanza ana 25 na wa pili ana 20. Yaani aliyefika mara moja yuko juu ya aliyefika mara tano. Mimi naona hilo ni kosa, na nadhani washiriki wako nao wanaliona, ndiyo sababu moja ya wao kutokuja.

Lakini usiegemee upande huo hadi ukaanguka. Kumaliza kukilipa kupita kiasi, unaweza kupata bingwa ambaye hakuna aliyewahi kumwona akishinda. Marekani waliliona hili. Mwaka 2003 Matt Kenseth alitwaa ubingwa wa NASCAR, ligi ya mbio za magari ya huko, akiwa ameshinda shindano moja tu, wakati Ryan Newman alishinda nane msimu huo huo. Kenseth hakuvunja kanuni yoyote, jedwali ndilo lililopenda uthabiti kuliko ushindi. Mwaka uliofuata wakaleta mfumo mpya wa kumpata bingwa. Kwa hiyo jaribu jedwali lako kwa swali hili: je, mtu aliyeshinda raundi tatu kati ya tano na kuharibikiwa mara mbili anamshinda aliyemaliza wa nne mara zote tano? Mimi nataka amshinde. Na je, anamshinda aliyekuwa wa tatu mara zote tano? Hapo nataka iwe karibu sana, na ikibidi wa tatu achukue, maana kupanda jukwaani mara tano jangwani ni kazi ya ajabu.

Piga hesabu, ukihesabu raundi nne bora kwa kila mmoja. Mshindi wa mara tatu ana 270. Katika zile mbili za kuharibikiwa, moja gari lilikufa kabla ya kituo cha kwanza akapata 5, nyingine alipita vituo viwili akapata 15. Tunatupa ile ya 5, anabaki na 285. Wa nne wa kudumu ana 68 mara nne, yaani 272. Wa tatu wa kudumu ana 73 mara nne, 292. Ndivyo nilivyotaka. Wewe kama unawapenda washindi zaidi, panua pengo la juu, labda 65 kwa wa kwanza, lakini usipunguze zile 30 za safari.

Hiyo raundi niliyoitupa inahitaji maelezo. Kuruhusu kila mtu aondoe matokeo yake mabaya kuliko yote ni njia nzuri ya kumbakiza mchezoni aliyevunjika mara moja, na kwa tatizo lako la watu kutokuja ni dawa ya kwanza. Ila ina sumu yake. Mwaka 1988 katika Formula 1, Alain Prost alikusanya pointi 105 msimu mzima na Ayrton Senna 94. Bingwa akawa Senna, kwa sababu yalihesabiwa matokeo 11 bora tu kati ya mashindano 16, na kwa hesabu hiyo Senna alikuwa na 90 dhidi ya 87. Senna alishinda mara nane na Prost saba, kwa hiyo kuna anayeweza kuutetea mfumo huo, lakini kumweleza mtazamaji kwa nini mwenye nyingi ameshindwa ni kazi ngumu. Kuanzia 1991 wakaanza kuhesabu matokeo yote. Katika raundi tano, ondoa moja tu, isizidi. Usiruhusu mtu aondoe raundi aliyofutiwa matokeo kwa udanganyifu. Na usiruhusu iondolewe raundi ya mwisho. Hapo ndipo penye dawa ya pili: asiyekuja raundi ya mwisho anabeba sifuri isiyotupika.

Kuhusu uzito wa hiyo raundi ndefu, utashawishika kuipa pointi kwa kufuata kilomita, yaani mara mbili na zaidi. Usifanye hivyo. Formula 1 walijaribu pointi maradufu katika shindano la mwisho la 2014 huko Abu Dhabi, watu wakapiga kelele, na msimu uliofuata zikaondolewa. Jangwani hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu katika kilomita 700 bahati ina nafasi nyingi za kuingia: jiwe moja, gari moja la mafuta lililochelewa, vumbi la usiku. Mara 1.5 inatosha. Mshindi anapata 135, na aliye nyuma kwa pointi 40 bado ana sababu ya kuandaa gari. Kwa kuwa zile pointi za safari nazo zinazidishwa, aliyemaliza tu bila nafasi ya maana anapata 45 kabla ya lolote, na kwa mwenye Volkswagen hiyo ni sababu tosha ya kusafiri.

Hao wa Volkswagen uwaangalie kwa moyo. Madaraja ya magari ya kawaida ndiyo yenye watu wanaojitengenezea magari wenyewe, na huko Baja daraja la 11, la Volkswagen zisizobadilishwa sana, linapendwa sana ingawa haliwezi kukaribia mwendo wa Trophy Truck, zile pikapu kubwa za mbio. Kama ubingwa ni wa daraja kwa daraja, magari matatu si tatizo, wapewe jedwali lile lile. Tatizo huja mnapotaka bingwa mmoja wa madaraja yote. Hapo mshindi kati ya watatu anapata 90 sawa na mshindi kati ya ishirini, na baada ya msimu mmoja utaona watu wajanja wakihamia kwenye madaraja matupu. Ushauri wangu ni msiwe na bingwa huyo wa jumla. Mfadhili akimng'ang'ania, punguzeni pointi za nafasi tu: magari matano na kuendelea, pointi kamili, manne, asilimia 80, matatu au pungufu, asilimia 60. Mshindi kati ya watatu anapata 30 za safari na 36 za nafasi, jumla 66. Za safari hazipunguzwi kamwe, kwa sababu mchanga haujali mko wangapi.

Na mnapohesabu idadi ya magari kwenye daraja, msihesabu waliojiandikisha, wala waliovuka mstari wa kuanzia. Hesabuni waliofika kituo cha kwanza. Nimeshuhudia gari likisukumwa hadi kwenye mstari, likavuka mita chache, likazimwa, ili tu daraja litimize idadi.

Kuna mambo ambayo hayapaswi kuingia kwenye pointi kabisa. La kwanza ni adhabu. Mkiukaji wa mwendo katika eneo la makazi, au aliyekata kona akaruka alama ya GPS, aongezewe dakika, halafu nafasi yake ijipange yenyewe. Ukikata pointi moja kwa moja, kosa lile lile linamuumiza mtu kwa kiasi tofauti kulingana na raundi, na hakuna atakayelielewa. Na kwa kuwa magari huondoka mmoja mmoja kwa kupishana muda, wa kwanza kuonekana mwishoni huenda si mshindi. Tangazeni matokeo kuwa ya muda mpaka rekodi za GPS za magari yote zikaguliwe, ndipo pointi ziandikwe. La pili ni mbio za kupanga nafasi za kuanzia. Anayeanza mbele haoni vumbi la mtu, na hewa safi ni zawadi tosha. Ukimwongezea na pointi unamlipa mara mbili. Pikipiki za mashindano ya kusoma ramani ni habari nyingine, maana huko anayefungua njia hana alama za matairi za kufuata na hupoteza muda, hadi Dakar miaka ya karibuni imeanza kuwarudishia sekunde wanaofungua njia. Njia yenu kama imewekewa alama, hilo haliwahusu.

La tatu ndilo ninaloomba usiliache hata ukiacha mengine yote. Aliyesimama kumsaidia mwenzake aliyeumia arudishiwe muda wake wote, dakika kwa dakika, kwa kutumia rekodi ya kifaa chake cha kufuatilia. Dakar wanafanya hivyo. Liandike kwenye kanuni kwa maneno ya wazi, na lisomwe kwenye kikao cha madereva kila asubuhi ya mbio. Mtu akiona pikipiki imelala na mwenzake hasogei, asiwe na hesabu yoyote ya kufanya kichwani.

Pointi ziwe za nani? Mbio ndefu huendeshwa kwa kupokezana, kwa hiyo amueni mapema. Mimi naziweka kwa dereva aliyesajiliwa na namba ya gari kwa pamoja, kwa sharti kwamba dereva huyo aendeshe angalau sehemu moja kamili kati ya vituo viwili katika kila raundi. Msoma ramani apate sawa na dereva wake kwa raundi alizokaa garini. Dereva akihama daraja katikati ya msimu, pointi zinabaki daraja la zamani.

Wakilingana mwisho wa msimu, angalia nani ameshinda raundi nyingi, kisha nani ana nafasi za pili nyingi, kisha nani alikuwa mbele katika ile raundi ndefu. Raundi ikikatishwa kwa dhoruba au ajali, aliyeongoza akiwa ameshapita kituo cha pili, pointi kamili kwa mpangilio wa kituo hicho, na kila aliyekifikia ahesabiwe amemaliza. Kabla ya hapo, nusu ya pointi. Haya yote yachapishwe kabla ya raundi ya kwanza na yasibadilishwe hata neno moja hadi msimu uishe.

Kabla ya kuchapisha, chukua matokeo yenu ya misimu miwili au mitatu iliyopita, yaweke kwenye jedwali la kompyuta, yapitishe kwenye mfumo huu. Macho yako yasikimbilie jina la bingwa. Angalia, katika kila daraja, ni wangapi walikuwa bado wanaweza kuwa mabingwa asubuhi ya raundi ya mwisho, na wale walioacha kuja walikuwa na pointi ngapi siku waliyoacha. Ukikuta daraja ambalo bado lina mtu mmoja tu mwenye nafasi, usiguse uzito wa raundi ya mwisho. Rudi kwenye zile pointi 10 za kumaliza, zifanye 15, kisha upige hesabu upya.